Mwisho wa filamu ya Duplicity: maswali mnayoniuliza kila nikizima projekta

Tangu nianze kuonyesha filamu hii bandani kwetu Magomeni, Mtwara, haijatokea hata siku moja nikaizima watu wakanyanyuka. Taa inawaka, chai ya tangawizi imeshapoa, na watu wanabaki kwenye mabenchi wanatazamana. Halafu yanaanza maswali, na ni yale yale, awe anayeuliza ni dereva wa bodaboda au mwalimu wangu wa zamani wa shule ya msingi. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Ambaye hajaitazama na hapendi kuambiwa mwisho, asiendelee kusoma, kwa kuwa hapa nasema kila kitu.

Ni filamu gani hii, na inahusu nini kwa kifupi?

Jina lake ni Duplicity, neno la Kiingereza lenye maana ya undumilakuwili. Ilitoka 2009. Aliyeiandika na kuiongoza ni Tony Gilroy, yule yule aliyeongoza Michael Clayton mwaka 2007. Julia Roberts ni Claire Stenwick, aliyekuwa jasusi wa CIA ya Marekani. Clive Owen ni Ray Koval, aliyekuwa jasusi wa MI6 ya Uingereza. Wawili hawa wameacha kazi za serikali na kuingia kwenye ujasusi wa makampuni. Kuna makampuni mawili yanayouza bidhaa za nyumbani, vitu vya kupaka na kuogea: Burkett & Randle, chini ya Howard Tully (Tom Wilkinson), na Equikrom, chini ya Richard Garsik (Paul Giamatti). Mabosi hawa wanachukiana kiasi kwamba mwanzoni mwa filamu unawaona wanapigana ngumi kwenye mvua, uwanja wa ndege, kando ya ndege zao binafsi, huku wafanyakazi wao wameduwaa.

Sijaelewa. Mwishoni nani kashinda?

Tully. Peke yake.

Garsik anasimama mbele ya wanahisa wake kwa majigambo na kutangaza kwamba Equikrom imepata dawa ya upara, ambayo fomula yake imeibwa kwa Tully. Wakati huo huo Claire na Ray wako Uswisi, wamebeba fomula ile ile ili wamuuzie mnunuzi mwingine kwa mamilioni ya dola. Mnunuzi anaipima na kuwaambia kwamba hakuna kitu hapo, ni losheni ya kawaida tu. Kwa hiyo Garsik amejifunga mbele ya watu wote, na wale wapenzi wawili wamebaki mikono mitupu. Tully hakuonekana akikimbia wala akijificha. Alikaa ofisini kwake akawaacha wengine waje kuchukua wenyewe.

Fomula ya kweli ilikuwepo ikafichwa, au haikuwepo kabisa?

Haikuwepo kabisa, na hapa ndipo wengi mnapoteleza. Mzee mmoja wa Chuno alinibishia mpaka saa sita usiku kwamba Tully alibadilisha karatasi dakika ya mwisho na dawa halisi anayo kabatini. Namheshimu, lakini filamu haisemi hivyo. Tully alitengeneza habari ya dawa, hakutengeneza dawa. Hotuba aliyoiandika, ulinzi mkali ndani ya jengo, minong'ono ya wafanyakazi kuhusu bidhaa itakayogeuza dunia, vyote hivyo vilipangwa kwa ajili ya masikio ya Garsik.

Rudia kidogo uangalie jinsi habari ile inavyotoka. Haitoki yote kwa mkupuo. Leo kinapatikana kipande cha karatasi, kesho jina la mtu, keshokutwa safari ya mtaalamu fulani. Kila kipande kinawatoa jasho. Kitu ambacho mtu amekikusanya kwa jasho lake mwenyewe, kukitilia shaka ni kama kujitilia shaka yeye.

Iweje makachero wazoefu namna ile wasiikague?

Swali hili nalipenda kuliko yote, na kwa sababu yake ndiyo maana naendelea kuionyesha filamu hii.

Jibu langu nimelipata kwenye korosho, si kwenye sinema. Wasomaji wa Newala na Tandahimba watanielewa upesi. Korosho inayopita njia halali, ukiipeleka chama cha msingi cha wakulima, inapimwa. Wanachukua sampuli gunia hadi gunia, wanaipasua kwa kisu, wanahesabu zilizo nzima na zilizooza, wanaangalia unyevu. Ndipo inapewa daraja na kuingia ghalani. Lakini kangomba, yaani yule anayenunua kwa mlango wa nyuma, anakuja usiku. Ana haraka, anaogopa mgambo, taa ya gari ameizima. Huyo hapasui korosho. Anahesabu magunia, anatoa fedha, anaondoka.

Nilipokuwa mdogo, jirani yetu mmoja aliwahi kumuuzia mnunuzi wa usiku magunia ambayo juu yalikuwa na korosho safi na chini yalijaa korosho mbichi zisizoanikwa. Mnunuzi alikuja kugundua akiwa mbali. Unadhani alirudi? Alirudi kwa nani, aseme nini? Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini usiku ule, na ninachokumbuka ni furaha ya yule mnunuzi wakati anapakia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyewazidi wenzake akili. Furaha ile ndiyo iliyomziba macho.

Sasa mtazame Garsik. Angeletewa fomula ile mezani na mtu aliyevaa tai, akaambiwa nunua, angeita wataalamu kumi waipime mwezi mzima. Lakini imetoka ndani ya nyumba ya adui yake, imeibwa, imepigwa nakala kwa mbio huku roho ziko juu, na anaamini Tully anakaribia kuitangaza. Kwake yeye, kule kuibwa kwake ndiko kulikokuwa cheti cha ubora. Na Claire na Ray, ambao walikuwa na akili kuliko Garsik, walinaswa kwenye tundu lile lile. Walijua kila mtu anadanganya. Hawakuwaza kwamba kitu chenyewe kinaweza kuwa uongo.

Ndiyo maana nawakatalia wanaosema mwisho huu ni wa kubahatisha. Tully alijua kwamba mwizi ndiye mteja pekee ambaye hakagui mzigo.

Claire ni pandikizi wa nani hasa? Nimepotea katikati.

Usijilaumu, filamu inakusudia upotee. Ihesabu kwa tabaka.

La juu: Claire ni mwajiriwa wa Burkett & Randle, yuko kwenye idara inayolinda siri za kampuni zisiibwe. La pili: kwa siri analipwa na Equikrom, kwa hiyo ni pandikizi ndani ya nyumba ya Tully. Ray naye ameajiriwa na Equikrom ili apokee habari anazotoa Claire, na mbele ya wenzao wote wawili wanajifanya hawapatani. La chini kabisa: Claire na Ray ni wapenzi wa siku nyingi, na hawamfanyii kazi Tully wala Garsik. Wamejipenyeza kote kuwili wakisubiri siri kubwa itokee, waichukue, waiuze wao wenyewe, wastaafu.

Na chini ya hapo kuna tabaka ambalo wao hawakuliona, la Tully kuwatumia wote. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wazee. Hapa kila mtu alikuwa nguoni mwa mwenzake.

Kwa nini wanarudia maneno yale yale? Dada mmoja alidhani diski imekwama.

Haikukwama. Mazungumzo ya "wewe ni nani, mimi sikujui, Dubai ulinifanyia hivi" mnayasikia New York, na baadaye, hadithi inaporudi nyuma, mnawaona wanayafanyia mazoezi faraghani. Yaani ule ugomvi wa mtaani uliotufanya tuwaonee huruma mwanzoni ulikuwa mchezo wa kuigiza. Walikuwa wanajua wanatazamwa na watu wa Equikrom, basi wakaigiza.

Lakini sikiliza kwa makini, maana naamini hapa Gilroy amefanya kazi ya ustadi mkubwa. Maneno ni yale yale, ila kila yanaporudi yanabeba uzito mwingine. Dubai, 2003, Claire alimlewesha Ray kwa dawa na kumwibia nyaraka za siri. Hilo ni kweli, lilitokea. Kwa hiyo Ray anapoigiza hasira, ndani yake kuna hasira halisi ambayo haijaisha. Mke wangu ndiye aliyenionyesha hili, mimi nilikuwa nimetazama mara nne bila kuliona. Alisema, "Huyo bwana haigizi. Anasema ya moyoni kwa kisingizio cha kuigiza." Tangu siku hiyo siwezi kuiona scene ile kama zamani.

Ile shampeni pale hotelini imetoka wapi?

Imetoka kwa Tully. Ni chupa ya shukrani, na pia ni taarifa. Anawaambia kwamba nilijua mko wapi, mnafanya nini, na mnamuuzia nani. Nilijua kitambo. Ahsanteni kwa kunifikishia mzigo.

Fikiria uchungu wake. Watu hawa waliacha utumishi wa serikali, wakaishi wakijificha, wakavumilia kutokuonana miezi kadha wa kadha, wakijua kwamba hakuna aliyewahi kuwaona. Kumbe walikuwa na mtazamaji mmoja muda wote. Mimi nikitafsiri bandani sehemu hii huwa nashusha sauti, naacha watu watazame nyuso zao tu.

Kwa wanaouliza kama angekasirika awashtaki: angewashtaki kwa lipi? Walimfanyia kazi nzuri kuliko waajiriwa wake, bila mshahara wa kazi hiyo. Wamepigwa changa la macho na bado ndio waliorusha mchanga.

Garsik itakuwaje baada ya pale? Mbona hatukuonyeshwa?

Hatukuonyeshwa kwa kuwa hakuna haja. Kampuni yenye hisa sokoni, bosi wake akitangaza mbele ya wanahisa bidhaa ambayo haipo, hana pa kurudi. Bei ya hisa itapanda kwa furaha kisha itaporomoka, wenye hisa watadai maelezo, na maelezo ya kweli hayatamkiki: "Tuliiba, na tulichoiba kilikuwa kibovu." Ni yule yule mnunuzi wa usiku na magunia yake. Hawezi kumtaja aliyemuuzia.

Kifo cha Garsik, kama tunaweza kukiita hivyo, hakikuhitaji hata risasi moja.

Claire na Ray walipendana kweli, au nao walikuwa wanachezeana?

Hapa banda hugawanyika. Vijana wengi wanasema hakuna mapenzi pale, ni biashara. Wanawake watu wazima, nimeona mara nyingi, wanasema mapenzi yapo tele, kilichokosekana ni imani. Mimi niko na hao wa pili.

Ugonjwa wao ni huu: kila mmoja anajua mwenzake ni mwongo wa kulipwa, na anajua hivyo kwa sababu naye ni mwongo wa kulipwa. Ray akichelewa dakika tano, Claire anajiuliza kama ameshauzwa. Claire akicheka, Ray anatafuta kilicho nyuma ya kicheko. Kuna mahali wanakiri wenyewe kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuwaelewa, na ukiwaza unaona ni kweli. Mtu wa kawaida angeolewa na Ray akamwamini, na Ray angemdharau kwa kumwamini.

Sasa angalia mwisho kwa jicho hilo. Filamu nzima tunasubiri mmoja amsaliti mwenzake. Kila safari, kila simu, tunasema sasa hivi anamwacha. Hawaachani. Wote wawili wanafika Uswisi, wanaingia pamoja kwa mnunuzi, wanasikia pamoja kwamba hawana kitu. Kamera inawaacha wamekaa bega kwa bega na chupa ya mtu aliyewashinda. Hakuna fedha ya kugombania tena, hakuna siri ya kufichana, hakuna mtu wa kumwigizia. Kwa mara ya kwanza tangu Dubai hakuna uongo kati yao.

Shangazi mmoja wa Mikindani aliposikia nikisema hivi alinijibu kwa ukali: "Mapenzi gani hayo ya kusubiri mpaka mfilisike?" Sikuwa na jibu siku ile. Leo ningemwambia kwamba wengine, shangazi, hawana njia nyingine ya kufika hapo. Fedha ingepatikana, wangegawana, na kila mmoja angelala usiku akihesabu kama mwenzake amemficha sehemu.

Mambo haya hutokea kweli, au ni sinema tu?

Hutokea, na mengine yanafanana na filamu hii kupita kiasi.

Mwaka 2001 Procter & Gamble ilikiri kwamba watu waliokodiwa kwa niaba yake walipekua takataka za ofisi ya mpinzani wake, Unilever, mjini Chicago wakitafuta mipango ya biashara ya bidhaa za nywele. Ndiyo, nywele. Baada ya wakubwa wa Procter & Gamble kugundua, waliwaambia Unilever wenyewe, na mambo yakamalizwa kwa makubaliano. Malipo yaliyoripotiwa ni kama dola milioni 10. Wale wanaomcheka Garsik kupigania siri ya dawa ya nywele, wakumbuke hilo.

Mwaka 2006 katibu muhtasi mmoja wa Coca-Cola, Marekani, na wenzake wawili walijaribu kuuza nyaraka za siri na sampuli ya kinywaji kipya kwa Pepsi. Pepsi hawakununua. Walipeleka barua ile kwa Coca-Cola, FBI wakaingia, na mnunuzi aliyejitokeza kumbe alikuwa ofisa wa upelelezi. Mwaka uliofuata yule katibu alihukumiwa kifungo cha miaka 8. Nikilinganisha na Claire na Ray naona walivyobahatika: mnunuzi wao aliwaambia tu kwamba mzigo ni mbovu.

Na iko moja ya zamani iliyogusa ardhi yetu wenyewe. Waliokulia Lindi wanayajua mashamba ya mkonge ya Kikwetu. Mkonge si mmea wa kwetu, asili yake ni Mexico, na wakulima wa kule Yucatán hawakutaka watu wengine waupate, maana utajiri wao wote ulikuwa kwenye nyuzi zile. Mjerumani Richard Hindorf akapitia mlango mwingine. Mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ambako mmea ulikuwa umeshafika. Safari ilikuwa ndefu. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa katani duniani. Hindorf hakuvunja kabati la mtu, na wengine watasema huo si ujasusi. Mimi nasema ni ndugu yake wa damu: mwenye siri amefunga mlango wa mbele, na mwenzake anatafuta dirisha.

Kumbuka tofauti moja. Miche ile ilikuwa miche kweli. Ukiipanda, inaota. Karatasi ya Tully haikuota nywele.

Na huku kwetu kusini, kuna ujasusi wa kibiashara?

Sitamtaja mtu wala kampuni, na sina haja. Ila naweza kueleza kwa nini siri ya bei ni mali.

Mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa risiti, kisha inauzwa mnadani) ulipoanza kwenye korosho mwaka 2007, mnada ulikuwa wa zabuni za siri. Kila mnunuzi anaandika bei yake, anaifunga, anaitumbukiza sandukuni. Siku ya mnada sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima, bei zinasomwa kwa sauti, na wakulima wenyewe wanasema tunauza au hatuuzi. Nimesimama kwenye umati ule. Msomaji akitaja bei ya juu, watu wanapiga vigelegele kama wako harusini.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mnunuzi. Ukijua mwenzako ameandika ngapi, unaongeza shilingi chache tu unachukua tani zote. Usipojua, unaweza kuongeza kupita kiasi ukala hasara. Habari ya namba moja kwenye karatasi inaweza kuwa na thamani kuliko lori zima la korosho. Na kwa akili ya Tully, unaweza pia kuiachia namba ya uongo idondoke mahali penye masikio, kwenye mgahawa wa supu ya pweza asubuhi, ukamwona mpinzani wako anapandisha bei kwa mzigo ambao wewe huutaki. Siku hizi minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, kwa hiyo sanduku halipo, lakini hamu ya kujua mwenzako amefikia ngapi haikuhama nalo.

Kwenye gesi ni hivyo hivyo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na tangu siku hizo hadi leo makampuni hayanunui tu haki ya kuchimba, yananunua kujua kilicho chini ya bahari kabla mwingine hajajua.

Kuhusu sheria, kwa kuwa mwanafunzi mmoja wa chuo aliniuliza: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa Tanzania inakataza kujipatia bila ruhusa data ya kompyuta iliyolindwa. Kwa hiyo anayedhani kuchungulia kompyuta ya bosi wake ni ujanja wa kisinema, aache.

Dawa ya upara ipo kweli?

Ya kuuponya kabisa kama ile aliyoitangaza Garsik, hapana. Zipo za kupunguza au kurudisha kiasi. Minoxidil ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, wagonjwa wakaonekana wanaota nywele, na mwaka 1988 Marekani iliidhinisha ile ya kupaka kichwani. Finasteride ya kumeza kwa ajili ya upara wa wanaume iliidhinishwa 1997. Zote zinataka ushauri wa daktari, na ukiacha kutumia, nywele huanguka tena. Ya chupa isiyo na lebo, muulize mfamasia kabla ya kutoa fedha.

Mbona ni filamu ya majasusi na hakuna mtu aliyekufa? Steringi hapigi hata kofi.

Wanaopiga ngumi ni mabosi wazee wawili, dakika za mwanzo, na wanapiga vibaya. Wengine wote wanaumizana kwa karatasi. Anayetaka risasi nina filamu nyingine za Ijumaa.

Ipo sehemu ya pili?

Haijatengenezwa.

Nikiirudia, nitazame wapi kwa makini?

Anza na ule ugomvi wa uwanja wa ndege. Hauna maneno, ni muziki na mwendo wa polepole. Mara ya kwanza watu wanacheka na kuupita. Mara ya pili utaona kwamba Garsik ndiye anayeongozwa na hasira zake, na mtu wa namna hiyo hahitaji kusukumwa, unamwekea tu kitu mbele.

Halafu hesabu kila mahali ambapo mtu anasema "nimekipata". Kila mara jiulize kimetoka kwa nani, na kwa nini kilipatikana siku ile na si siku nyingine. Mimi nilikata tamaa ya kuhesabu mara ya sita.

Mwisho, subiri pale hotelini, chupa ikishawekwa mezani. Usitazame chupa. Tazama mkono wa Claire na bega la Ray, na jinsi hakuna anayesogea kuondoka. Jumamosi hii saa mbili usiku naiwasha tena, na yule shangazi wa Mikindani amenitumia ujumbe kwamba anakuja, ana swali jingine.